Mama Ukutani

Faiza aliingia kantini na sinia la sambusa alizoombwa na mwalimu Joan, ziuzwe shuleni Fridley, Marekani, kuchangia safari ya pili ya wanafunzi kwenda Kwale. Ukutani akamwona mama yake. Kaketi chini, nguo nyeupe isiyo na nakshi, hana hereni wala wanja. Chini pameandikwa: "Hana kitu. Mchangie."

"Mwalimu, picha hii kaipiga nani?"

"Wanafunzi, mwaka jana, kule Kwale. Waliingia uani wakamkuta. Inagusa, sivyo?"

"Huyu ni mama yangu! Alikuwa akikalia eda ya baba. Hereni kazivua mwenyewe. Miezi minne na siku kumi hata binamu zake wa kiume hawamwoni, nyinyi mmemtundika kantini?"

"Pole, dada yangu. Nia ilikuwa njema. Tuiache leo tu, ndiyo inayovuta watu."

Faiza aliibandua picha kona moja moja, uso wa mama usichanike, akaitia ndani ya buibui lake. Kisha akanyanyua sinia.

"Na sambusa pia? Si za mchango?"

"Nilipika nikidhani mnawasaidia watu," Faiza akasema, akatoka nazo.