Maziwa ya Ng'ambo ya Mlima

Mgeni aliingia ukumbini kwa mlango wa jikoni, akasimama katikati ya masufuria ya maharage kana kwamba ameitwa. Buti zake zilikuwa na tope na samadi mpaka juu ya vifundo. Mavis Orcutt, aliyekuwa akipanga sahani, alimkagua kuanzia chini.

"Hizo buti zimeandikishwa kupiga kura hapa Brickett?"

"Hapana, mama. Zinatoka Gorse, ng'ambo ya mlima. Namtafuta mbunge."

"Mbunge yupo. Buti zikae nje."

Akazivua. Ndivyo Dale Kittredge alivyoingia kwenye mkutano wetu wa mji akiwa na soksi tu. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ambayo miji midogo ya Vermont hukusanyika na kuamua mambo yake kwa kunyoosha mikono: fedha za barabara, mshahara wa karani, nani ashughulikie mbwa wanaozurura. Wiki hiyo bunge la jimbo hupumzika, na wabunge hurudi kwa waliowachagua kuwaeleza wamefikia wapi.

Mbunge wetu, Corinne Thibodeau, alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za jukwaa, kikombe cha kahawa mkononi. Watu walimsalimu vizuri, kisha wakaenda kukaa mbali. Sababu ilikuwa daraja. Mafuriko ya kiangazi yalikuwa yamelibeba daraja letu, na tangu hapo matrekta na basi la shule vilizunguka njia ndefu ya msituni. Royce Pettengill, muuza vipuri vya matrekta, alikuwa anamwambia kila mteja kwamba daraja limetolewa kwenye bajeti huku Corinne amesinzia kwenye kamati. Tena alishatangaza kwamba Novemba atakigombea kiti chake.

Ni kweli daraja lilitolewa. Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Ijumaa iliyopita, baada ya wiki kadhaa za kubishana na kubembeleza, Corinne aliwafanya wanakamati wenzake walirudishe. Hakutaka kulisema hilo kwa mtu mmoja mmoja. Brickett, habari ikisemwa meza hii, ikifika meza ya pili imeshaota mkia. Alitaka kulisema kwenye kipaza sauti, watu wote wamekaa, Royce akiwemo.

Dale alimkuta hapo kwenye ngazi.

"Samahani, mama. Mimi si mtu wako."

"Hakuna neno. Keti. Viatu viko wapi?"

"Mama wa jikoni amevikataa."

Corinne akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Dale akaketi, akaeleza haraka haraka kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake njiani. Msimu huu gari la kuondoa theluji halipandi tena barabara ya mlimani. Lori la maziwa haliwezi kupita. Tangi likijaa, hana la kufanya ila kuyamwaga, kwa sababu ng'ombe lazima wakamuliwe asubuhi na jioni, lori lije lisije. Ameshamwaga mara tatu, na jirani zake vivyo hivyo.

"Mbunge wenu anasemaje?"

"Alifariki Januari, Mungu amrehemu. Kiti bado kitupu. Hatuna wa kutusemea." Akatazama soksi zake. "Mswada wa barabara uko kwenye kamati yako. Najua huwezi kutuunga mkono watu wako wakiona unawasaliti, maana fungu ni lile lile la madaraja. Ndiyo nikasema nije niwaombe wao wenyewe. Wakisikia kwa kinywa changu, labda hawatakulaumu."

Corinne akaweka kikombe chake chini. Mtu alikuwa ameacha ng'ombe wake, akazunguka mlima mzima, ili kumwombea yeye ruhusa kwa wapiga kura wake.

"Kila mwaka wananipa dakika kumi za ripoti," alisema. "Leo tano zangu, tano zako."

"Kweli, mama?"

"Tano ni zako. Nimeshasema."

Hapo ndipo alipokosea. Corinne haishi Brickett. Anaishi Tarlow, mji wa jirani, kwa kuwa jimbo lake la uchaguzi lina miji yote miwili, na kwa sheria ya mkutano wetu asiye mkazi hasemi neno mpaka wakazi wamruhusu. Kila Machi mwenyekiti huuliza kama kuna anayepinga mbunge kusikilizwa, na kila Machi hakuna anayejibu. Alikuwa amekaribishwa mara nyingi mno hata akasahau kwamba ni mgeni.

Mambo ya mji yalichukua muda. Tulibishana juu ya lori jipya la mchanga hadi harufu ya nyama na maharage ikaanza kututoa mate. Hatimaye Wendell Farnsworth, mwenyekiti wetu, akamwita mbunge. Corinne akapanda na kueleza kwamba nusu ya muda wake anampa Bwana Kittredge wa Gorse.

Wendell akavua miwani. "Corinne, huwezi kumpa mtu kitu ulichoazimwa. Dakika ni za mkutano. Ruhusa tumekupa wewe."

Corinne akawa mwekundu. "Basi naomba mkutano umruhusu na yeye."

"Theluthi mbili," alisema Wendell. "Kuna mwenye neno?"

Royce alisimama taratibu. "Mwenyekiti, mimi jirani zetu wa Gorse nawapenda. Ng'ombe wao nawapenda zaidi."

Ukumbi ukacheka.

"Lakini tukimfungulia huyu, mwakani watakuja wote mpaka kuku. Sisi wenyewe hatuna daraja! Wacha kwanza tusikie habari za kwetu."

Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikahesabiwa tena. Haikutosha. Wengi tulinyoosha, lakini wengi si theluthi mbili. Dale, aliyekuwa amesimama karibu na rafu ya makoti, akainamisha kichwa kwa adabu kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Wendell!" Mavis alipaza sauti kutoka jikoni. "Maharage yanakuwa mawe huku!"

"Natoa hoja," Royce akadakia, "ripoti ya mbunge iwe dakika tano. Watu wana njaa."

Hoja hiyo ilipita bila shida. Njaa haina chama. Hata waliompenda Corinne walinyoosha mikono, na ninasikitika kusema kwamba mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile.

Wendell akaitega saa ya kuchemshia mayai aliyopewa na Mavis. Corinne akashika kipaza sauti. Alimtazama Dale kule kwenye makoti, na Dale akapunga kiganja polepole: acha, mama, sema yako. Mtu yeyote angeelewa. Mkutano wenyewe ulikuwa umekataa, na hakuna ambaye angesema Corinne amevunja neno lake.

"Ninazo dakika tano," alisema Corinne, "na asubuhi nilimwahidi mtu dakika tano. Jina lake ni Dale Kittredge."

"Mwenyekiti!" Royce alikuwa tayari ameshasimama. "Si tumeshakataa hilo?"

"Tulichokataa ni yeye kusema," alijibu Wendell. "Mswada uko kwenye kamati ya mbunge. Ni ripoti. Kaa, Royce, unaula muda wake."

Corinne akaeleza. Hakupamba. Alisema barabara ya mlimani haisafishwi, lori halipandi, tangi linajaa. Alisema inavyokuwa mtu anapofungua bomba la tangi mwenyewe na kuyaangalia maziwa meupe yakienda kwenye shimo la samadi, halafu anarudi zizini kukamua mengine.

"Daraja!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Nakusikia, Stuart. Ningependa kulizungumzia," alisema, akaendelea na Gorse.

Kelele zilipungua. Wengi wetu tumekulia kwenye mazizi ya ng'ombe, na hata waliouza mifugo yao zamani bado huamka alfajiri bila sababu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Hilo lori, mara ya mwisho limepita lini?"

Corinne hakujua. Akageuka. Dale hakuruhusiwa kusema, basi akainua vidole viwili.

"Siku mbili?" aliuliza Corinne.

Dale akatikisa kichwa.

"Wiki mbili."

Wendell aliangalia dari kana kwamba hakuona kitu. Mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akasogeza mkoba wake na kumpigia Dale ishara aje akae.

"Kiti chao bungeni ni kitupu," alisema Corinne. "Kamati ikikaa tena, kuna mtu lazima aitaje barabara yao. Nitaitaja mimi. Nawaambia leo, ili msije mkaisikia kwa mwingine. Fedha zitatoka fungu lile lile la madaraja, na mkitaka kunikasirikia mna haki. Lakini wamenyamaza kwa sababu wamefiwa, si kwa sababu hawana shida. Ni hilo tu alilotaka mlijue."

Saa ikalia.

"Na daraja je, Mheshimiwa?" aliuliza Royce, akitabasamu. Ukumbi mzima ukamwelekea Corinne. Jibu lilikuwa fupi, maneno mawili au matatu, na tuliokuwa karibu tuliona midomo yake ikifunguka. Wendell alikuwa ameinua mkono kuonyesha muda umekwisha. Mtu mmoja angeweza kutoa hoja aongezewe. Tulikaa kimya, tukisikia sahani zikigongana jikoni.

"Dakika zimekwisha, Mwenyekiti," alisema Corinne. "Asanteni kwa kunisikiliza."

Akakirudisha kipaza sauti kwenye kishikio chake, akashuka jukwaani, huku Royce akiwa ameshaanza kupanda ngazi.