Nusu Inchi ya Mshono

Fundi cherehani alikuwa na goti moja zima na jingine la kubahatisha. Tangu alipoteleza bafuni, mguu wa kulia haukuweza tena kuifuata pedali hadi chini, na wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kimyakimya. Hilo lilimuuma kuliko goti.

Binti yake, mwandishi wa programu za kompyuta, akapata wazo. Kile chuma kirefu kinachounganisha pedali na gurudumu kihamishiwe tundu jipya kwenye pedali, mbele kidogo, ili mguu usiende mbali. Ila fundi wa kuchomelea alishaonya: pedali kuukuu kama ile itavumilia tundu moja tu.

"Nguo ukikosea unafumua," mama alisema. "Chuma hakifumuliwi."

Basi akachukua utepe wake, akapima kipande kimoja kimoja na kumtajia binti. Binti akaviingiza vipimo kwenye kompyuta, akachora mashine nzima kwa mistari minne na mguu juu yake, akabonyeza. Gurudumu la kwenye kioo likaenda nusu, likagoma, likarudi lilikotoka. Siku mbili alipekua msimbo wake mstari kwa mstari, asione kosa.

Mama akavuta kiti, miwani puani. Kitu kile kilishamteka.

"Mbona linagomea palepale? Langu haligomi."

"Labda vipimo, mama. Ulipimaje?"

"Kama siku zote. Kipimo chenyewe, halafu naongeza nusu inchi ya mshono."

Binti akamgeukia.

"Mama! Chuma utakishonea wapi?"

Mama alicheka hadi akalishika goti. Miaka arobaini ya utepe. Kweli mazoea yana tabu.

Nusu inchi zikaondolewa, gurudumu likazunguka bila kusita. Binti akalisogeza tundu kidogo kidogo, na mguu uliochorwa ukazidi kufupisha mwendo wake.

"Hapo!" mama akasema. "Hapo goti langu linafika."

"Itakuwa nzito zaidi."

"Uzito nauweza. Umbali ndio umenishinda."

Alhamisi tundu likatobolewa. Mama akaketi, akalisukuma gurudumu kwa mkono, mguu ukapokea. Alishona kitambaa kitupu kutoka ncha hadi ncha, akakata uzi kwa meno. Binti alikuwa analia na hakujificha.

"Badala ya kulia, wapigie wateja," mama alisema. "Warudishe vitambaa. Na vipimo nachukua mwenyewe."