Betri Haikufia Hapa

...hapana, imeteleza tena, spana namba kumi imeteleza tena na vidole havina habari, vimekufa ganzi tangu alipoanza kuifungua betri ya zamani, na nati iliyobaki kwenye betri mpya ni moja tu, ya waya wa hasi, moja tu jamani, na nyuma yake Motlatsi bado anaongea, shemeji yake Motlatsi, aliyepanda milimani jana kutoka Maseru na kamba ya kuvutia magari kwenye buti, kamba mpya ya bluu, karatasi ya dukani haijatoka, hivi mtu anayekuja kuwapa pole wafiwa huja na kamba? "Shemeji unajitesa bure, nguo nyeusi na spana wapi na wapi," anasema, na Mapuseletso hamjibu, mjane aliye kwenye nguo za msiba hapazi sauti, anaketi chini, anaongea kwa upole, jua likizama yuko ndani, yote hayo ameyashika tangu Mei na hakuruka hata moja, lakini kwamba mjane hashiki spana hakuna aliyemwambia, labda waliisahau hiyo, basi shauri yao... chuma kina baridi hadi kinauma, theluji ya juzi bado imelala kwenye paa la pikapu, na mama mkwe ameketi kizingitini, blanketi limemfunika mpaka kidevuni, anatazama mikono ya mkwewe kana kwamba inaiba kitu.

Shauri lilikatwa jana mbele ya wajomba: pikapu likiwaka leo kwa mkono wake, ni lake yeye na binti yake Puseletso, lisipowaka Motlatsi alivute mpaka Maseru na huko atajua la kufanya nalo, na kila mtu anajua la kufanya nalo ni lipi, atalipaka rangi na kulipanda yeye mwenyewe, huyo, asiyejua hata boneti linafunguliwa wapi! Na Mapuseletso ana kazi nalo, Alhamisi wazee saba wanamsubiri awashushe kwenye kituo cha pensheni, bibi Mamohau hawezi tena kukaa juu ya punda, halafu kuna magunia ya manyoya ya kondoo ya akina mama wa huku juu, magunia yanayooza ghalani kwa kukosa gari, tayari amewaambia ndiyo, amewaambia kwa mdomo wake... spana, shika, zungusha, taratibu, ukiuvunja huu mguu wa betri unaoshika waya umekwisha, kondoo majike wawili wameuzwa wakaingia kwenye betri hii, wawili wenye mimba, na hata hivyo nani anajua imekaa miezi mingapi kwenye rafu ya duka, na injini haijazunguka wiki tatu, mafuta yake sasa hivi mazito utadhani uji uliolala, na betri mpya nayo baridi inaipunguza nguvu, usiseme, usifikirie hilo, zungusha.

"Mie nilisema toka mwanzo," Motlatsi anaendelea, sasa amezunguka mbele, ameegemea taa ya gari mikono mfukoni, "huku juu hakufai, huku hakikai kitu kizima. Betri ilikuwa nzima kabisa kule Upington, Afrika Kusini, miaka mitano haikusumbua hata siku moja. Imefika kwako, miezi miwili, kwisha." Halafu anacheka kidogo, kwa puani, na anaongeza, wala hapunguzi sauti, "Kama mwenyewe tu."

Kama mwenyewe tu. Amesema. Mbele ya mama yake amesema, na mama mkwe hakusema Motlatsi acha, kwa nini aseme, si yeye aliyeanza, siku ya mazishi, mwanangu alifika kwako anatembea kwa miguu yake, wiki sita tu, wiki sita, na Mapuseletso akainamisha kichwa akapokea, kwa sababu jiko lilizimika, hilo ndilo lisilotoka moyoni, jiko la mafuta ya taa lilizimika na yeye alikuwa amesinzia kwenye kiti, alipozinduka asubuhi chumba kilikuwa baridi na mumewe Tšeliso alikuwa baridi, mama mkwe akaingia akaligusa jiko kwanza, jiko kabla ya mwanawe, akamtazama... na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuwasha moto, kila kitu moto, mpaka betri ilipoanza kusuasua akafanya kama wanavyofanya watu wote wa huku wakati wa theluji, jioni anaifungua, anaiingiza ndani, anaiviringishia blanketi karibu na jiko, asubuhi anairudisha, na blanketi lililokuwa karibu na mkono lilikuwa la Tšeliso, lile la kahawia lenye mistari, na betri ilikuwa ikivuja kidogo pembeni wala hakuona, maji yake makali yakalitoboa matundu manane, blanketi la marehemu! lililokuwa limeshapangiwa mjomba wake siku ya kugawa nguo za marehemu, ee Mungu wangu siku ile, mama mkwe alilinyanyua kwenye mwanga na mwanga ukapita, akalia upya kana kwamba amefiwa mara ya pili, na Motlatsi akapigiwa simu, na Motlatsi akanunua kamba.

Nati imekamata. Robo mzunguko. Kidole cha shahada kinatoka damu na hakiumi... na betri ya zamani iko hapo kwenye theluji, mbavu zimevimba, angalia ilivyovimba, fundi Sekhobe wa pale kituo cha mafuta aliipapasa hivyo hivyo ubavuni juzi, akanusa, akatingisha kichwa, "Hii ilikuwa wapi, mama?" Upington, akamwambia, mashamba ya zabibu, mume wangu alikuwa akiliacha gari nje mchana kutwa. "Basi betri hii haikufia hapa," akasema, "imefia kule. Joto ndilo linaloziua, linakausha maji yake, linakula vyuma vyake vya ndani polepole, ila injini ikiwa ya moto haidai nguvu nyingi, kwa hiyo inawaka tu na wewe unadhani una betri. Ikija baridi injini inadai nguvu yote, unakuta hamna kitu. Baridi haijaiua, mama, imeifunua tu. Na watu wote watailaumu baridi." Na yeye aliitikia tu, eti asante fundi, akabeba betri mpya kifuani akapanda kilima, akili yake kwenye kondoo wawili, hakusikia, alikuwa anasikiliza nini siku ile?

Haikufia hapa.

Ngoja. Ngoja kwanza. Kile kikohozi... Krismasi ya mwaka juzi, kwenye simu, Tšeliso akicheka kwamba usukani haushikiki mpaka aumwagie maji, na katikati ya kicheko kikohozi, kirefu, mpaka akaweka simu pembeni, na yeye huku akauliza hicho nini, "Vumbi tu, mama Puseletso, na ile dawa ya mizabibu, tunajifunga leso puani, usijali," leso! miaka mitano ya kupulizia dawa na leso, na Pasaka kikohozi tena, na mwaka uliofuata hakuwa akicheka tena kwenye simu ila kukohoa tu, alikuja nacho, Mungu shahidi yake, alishuka na kikohozi hicho kwenye pikapu hili hili, amesimama hapa hapa, ameushika mlango kwa mikono miwili, "nimechoka kidogo tu na safari," na yeye aliona! aliona mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari! Nani aliyatoboa? Baridi ya hapa? Jiko la mafuta ya taa? Wiki sita alimlisha uji wa mtama kwa kijiko, alimgeuza, alimpangusa, alimwekea matofali ya moto miguuni, wiki sita za mwisho alizokuwa nazo yeye ndiye aliyezipa joto, na wakampa yeye lawama za miaka mitano... thubutu. Thubutu tena! Jiko lilizimika, ndiyo, lilizimika, na Tšeliso alikuwa amekwisha kufa kabla hajauvuka mpaka.

Nati haigeuki tena, imekaza. Anautingisha waya, hautikisiki. Machozi yanamtoka na ni ya moto na hayafuti, mkono una grisi. "Shemeji, tusipotezeane siku," Motlatsi anasema, amekwisha chomoa kamba, anaifungua karatasi, "nivute tu, barabara isije ikaganda." Mapuseletso anashusha boneti kwa kishindo, theluji inamwagika kutoka paani, anafungua mlango, anaketi kwenye kiti ambacho bado kimebonyea umbo la Tšeliso, anauingiza ufunguo, hajauzungusha, pikapu linaweza likawaka na linaweza lisiwake, anateremsha kioo, anamwona mama mkwe pale kizingitini, na sauti inayotoka si ya mjane, inafika mpaka zizini, "Mama! Mwanao hakufia kwangu! Alikuja kwangu ameshauawa, na mimi nilimpokea!" na uso wa mama mkwe unainuka kutoka kwenye blanketi, na Motlatsi amesimama mbele ya bampa, kamba mkononi.

"Shemeji," anamwambia, kidole kikiwa juu ya ufunguo, "ondoka mbele ya gari."