Mashuka ya Wageni

Otto alikuwa ameshaosha bakuli lake la uji, akalifuta, akalirudisha kwenye kabati, mdomo chini, kama afanyavyo kila asubuhi tangu aletwe katika nyumba ile ya kulelea wenye ulemavu wa akili, mtaa wa Mfaranyaki. Kisha akasimama mbele ya stoo, vidole vikimcheza. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na stoo haiachwi wazi.

"Leo tuna wageni, kaka Otto," Halima, mlezi wao, alimwambia. "Tukatandike."

Yakatolewa mashuka mapya, yangali na mikunjo ya dukani. Yakafuata magodoro manene na vyandarua vyeupe. Yale magodoro ya siku zote, yaliyoliwa katikati mpaka mbavu zinagusa chaga, yakatupwa nyuma ya jiko na kufunikwa turubai. Otto alibeba bila kuuliza. Mtu mzima yule, maneno yake ni ya kudokoa. Lakini kila alipopita aliutazama mlango wa stoo kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Remmy, msimamizi, alimvuta Halima kando, akafungua kiganja. Vidonge viwili.

"Mpe Otto kabla wageni hawajafika."

"Kaka Remmy, mara ile alilala mpaka kesho yake. Akaamka anayumba, akaanguka, jino likatoka."

"Unataka arukeruke mbele ya mkaguzi? Dada, umekuja kutoka Tunduru na begi lako la shangazi kaja. Nani alikupokea?"

"Wewe."

"Basi. Tukinyimwa kibali, wewe unarudi kuokota korosho, na hawa wanarudi kufungiwa kwa ndugu zao. Chagua."

Remmy hakudanganya, Otto alikuja na kovu la kamba kifundoni mwa mguu. Halima alichota maji kwenye kikombe, akatoka nayo, akarudi nayo. Pikipiki ilipita nje, akashtuka.

"Usimpe, dada," alisema Yohanes, anayelala kitanda cha pili. Alikuwa amekaa kizingitini, viatu mkononi. "Akilala, nani atanifunga kamba za viatu?"

Otto alinyoosha mkono. Kiu yake ilikuwa ya kweli. Halima akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga, akampa maji matupu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, Madam Pamela, kajikunyata ndani ya sweta. Alibonyeza godoro, akasifu.

"Hapa wanaishi kama nyumbani, madam," Remmy alisema, akicheka kicheko chake cha wageni.

Otto akapita katikati yao. Akavuta shuka la kitanda cha kwanza, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka begani. Akavuta la pili.

"Anapeleka wapi?"

"Si umeshaona, mama?" Yohanes akajibu. "Yakishaonwa, yanarudi."

Remmy alimkazia Halima macho. Lakini mdomo wa Halima ulishatangulia.

"Stoo, madam. Mashuka yanalala stoo."

"Na wao?"

Halima akampeleka nyuma ya jiko, akafunua turubai.

Madam Pamela aliyatazama magodoro kwa muda mrefu, kisha akaitazama saa yake.

"Remmy, hili mtarekebisha," alisema taratibu. "Nikifunga hapa, hawa niwapeleke wapi?"

Akasaini kibali juu ya boneti ya gari, akaondoka.

"Kafungashe," Remmy alimwambia Halima. Hakupaza sauti. Akaenda getini kupiga simu, atafute mlezi mwingine.

Halima alifungasha, akaliweka begi lake mlangoni, akaingia ndani kuaga. Aliporudi, begi halikuwepo. Alilikuta chumbani, chini ya kitanda chake, limesukumwa mpaka ukutani. Akalitoa tena. Otto akalichukua mkononi mwake, bila kumtazama, akalirudisha.

Halima alisimama. Getini Remmy alikuwa bado anaongea na simu. Halima akajifunga kanga kiunoni, akaenda jikoni, akafungua pindo, akavitia vile vidonge kwenye makaa. Kisha akateleka maji ya ugali.