Nafasi ya Meno ya Janeth

Asubuhi, pale mjini Morogoro, Daktari Mwanahawa alimwambia Janeth apanue mdomo, akapitisha mkanda mwembamba wa msasa katikati ya meno yake mawili ya mbele. Waya zilishafungwa, ila meno yalibanana, yaani hayakuwa na pa kusogea. Kwa hiyo daktari akawa anapunguza lile gamba gumu la nje, kidogo tu.

"Inauma?"

"Hapana, dokta. Kelele tu."

Muda huohuo kule kwao Kinole, milimani, midalasini ya mjomba wake Thobias ikajigawa pande mbili, katikati ukafunguka ukanda wa udongo mweusi, upana wa nyumba ya vyumba viwili. Mama yake Janeth, Agnes, akapiga simu.

"Umeng'olewa?"

"Hapana mama, nimekwanguliwa."

"Basi huku shambani pamepanuka. Ukirudi pitia sokoni, chumvi imeisha."

Jioni Janeth akakuta mawe ya mpaka ya bibi yamelala ndani ya ukanda, yale mjomba aliyosema yalisombwa na mvua. Kumbe nusu ya midalasini ilikuwa kwenye ardhi ya Agnes. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama, na Janeth alitaka pa kujenga. Ila msemaji wa ukoo ni mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia ulikuwa unatafuta nafasi."

"Nimeipata. Na mawe ya bibi yamo."

"Milimani mawe hayakosekani."

"Haya niliyabeba mimi, kaka," Agnes akasema. "Kichwani. Wewe ulibeba redio."

Wazee wa ukoo wakaja, wakaupima ukanda kwa hatua, wakashika udongo, wakausifu. Wakasema mwenye kauli ni Thobias. Kesho yake Thobias akapanda mananasi mle.

Wiki chache baadaye Janeth akarudi mjini, akaomba akwanguliwe tena, apate nafasi zaidi.

"Hapana, mwanangu," daktari akasema. "Hili gamba halioti tena. Hapa nimefika mwisho. Nafasi uliyonayo inatosha, jiangalie."

Akampa kioo. Meno yalishaanza kujipanga.

Tangu shule ya msingi Janeth alikuwa anacheka kwa kiganja mdomoni. Siku hiyo alipanda mlima, mikono yote mfukoni, akapita katikati ya mananasi, akakaa juu ya jiwe la bibi yake, akaachia meno yote nje, na waya zake.

"Unacheka nini?" mjomba akauliza.

"Sicheki, mjomba. Nimekaa kwetu."

Thobias akainama, akaendelea kupalilia, akilizungusha jembe kando ya miguu ya Janeth kwa uangalifu.