Kikombe cha Tano na cha Sita

Vilikuwa vikombe viwili vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu, na kila kimoja kilikuwa na namba niliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: tano na sita. Ndani yake mlikuwa na maji ya kulowesha koo tu. Katika kimoja maji hayo yalikuwa yamechanganywa na dawa iliyotoka ng'ambo. Katika kingine yalikuwa maji matupu. Mimi niliyevibeba sikujua kipi ni kipi, na utafiti wetu wote ulitegemea kutojua huko.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1974. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kufunika mashamba ya ngano, na baridi ya Karatu iliuma mpaka kwenye mifupa. Mimi sikuisikia. Tangu Daktari Bonaventura arudi kutoka masomoni Praga, huko Ulaya, na kupangiwa kituo chetu cha afya, nilikuwa naamka kabla ya saa kulia, navaa sare yangu harakaharaka kama mtu anayekwenda harusini.

Alikuwa mtu mwembamba, asiyejua kuongea akiwa ameketi. Alituambia kwamba huko Praga ameona kwa macho yake watu waliokuwa walevi kwa miaka ishirini wakinywa dawa iitwayo LSD mara moja tu, wakashinda kitandani wakikutana ana kwa ana na mambo waliyoyakimbia, na kesho yake hawataki hata kusikia harufu ya pombe. "Si wote," alikuwa akisema huku akiinua kidole. "Si wote, Sista Bibiana. Lakini hata mmoja!" Wizara ikamruhusu ajaribu kwa watu sita. Mfamasia mmoja wa Arusha akajaza vichupa, vitatu dawa na vitatu maji, akavipa namba, na siri ya namba hizo ikafungwa kwenye bahasha ndani ya kabati la chuma. Kulikuwa pia na kichupa cha saba, cha dawa halisi, kiwe akiba endapo kimoja kingevunjika. Matokeo yakipendeza, tungeletewa dawa ya watu arobaini. Jina la kwanza katika orodha ya hao arobaini nililiandika kwa mkono wangu: Nikodemu, mdogo wangu wa tumbo moja.

Nikodemu alikuwa mwalimu huko Buger, mwalimu hodari, mpaka mkewe Rozalia alipofariki akijifungua. Siku hiyo nilikuwa nimeahidi kwenda kumzalisha. Sikwenda. Zamu ilikuwa nzito, barabara ilikuwa matope matupu. Sababu za kujipa sikuzikosa. Tangu hapo Nikodemu alihamia kilabuni, na mimi na yeye hatukuwahi kulitamka jina la Rozalia tukiwa pamoja. Nilimpelekea chakula, nilimfulia mashati, nilihesabu chupa chini ya kitanda chake. Kukaa naye nilishindwa. Kwa hiyo dawa ile niliitamani kwa moyo wangu wote, na kwa woga wangu wote pia.

Namba tano alikuwa Mzee Moloimet, na namba sita Mzee Ngoitiko, wafugaji wa Ngorongoro. Walikuwa watu wa rika moja, waliotahiriwa msimu mmoja, wakachunga pamoja, na hatimaye wakalewa pamoja. Walianza na pombe ya asali kama wazee wenzao, wakaishia kwenye gongo ya mjini. Asubuhi hiyo niliwapa vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia, maana sheria ya Daktari ilikuwa moja: kila mgonjwa na kikombe chake, muuguzi aone anameza, kisha aandike. Nilipoviweka vikombe mezani, Mzee Ngoitiko akaniita kwa upole, kama Wamaasai wamwitavyo mama.

"Yeyo, fimbo yangu umeacha kule mlangoni."

"Fimbo haziingii wodini, mzee."

"Mimi siwezi lala bila fimbo. Mzee bila fimbo iko kama ng'ombe bila mkia."

Nikacheka, nikaenda kuileta. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Niliporudi vikombe vilikuwa vitupu, na wazee wamekaa kimya kila mmoja kwenye kitanda chake. Nikampa fimbo yake. Kisha nikafungua daftari nikaandika: "Wamekunywa wote wawili, nimeshuhudia," nikatia sahihi. Ulikuwa uongo mdogo, wa kuokoa muda. Sikuufikiria tena.

Siku ile sitaisahau. Saa nne Mzee Ngoitiko alianza kucheka, akalifungua pazia kwa fimbo yake, na tangu hapo halikufungwa tena. Saa sita Mzee Moloimet alilia, kilio cha mtu mzima kisichojificha. Walishikana mikono katikati ya vitanda viwili na kuongea Kimaa mfululizo, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Nilikuwa kwenye kiti changu kando ya dirisha, kofia kichwani, kalamu mkononi, naandika mapigo ya moyo kila nusu saa. Jioni Mzee Moloimet aliniambia kwa Kiswahili alichokiona: alikuwa mdogo, kimo cha mtoto wake wa mwisho, amejibanza nyuma ya zizi la ndama, na anasikia mtu anakuja huku akikohoa. "Nikaogopa hiyo mtu sana," alisema. "Kumbe ni mimi."

Niliyaandika neno kwa neno, kwa furaha. Jumapili iliyofuata nilikwenda Buger nikamkuta Nikodemu ameegemea ukuta, macho mekundu, nikamwambia, "Vumilia mdogo wangu. Miezi mitatu tu, zamu yako inafika."

"Zamu ya nini, dada? Ya kunywa?" akasema, na wote tulicheka, ingawa kicheko chake kilikwisha kabla ya changu.

Miezi mitatu ilipita. Habari za kutoka kreta zilikuwa za kushangaza. Mzee Ngoitiko hakuonekana tena mjini. Mzee Moloimet, kwenye tohara ya mwanawe, alijaza pombe ya asali kinywani, akawapulizia vijana baraka kama mila inavyotaka, na hakumeza hata tone. Madereva wa malori ya Ngorongoro waliisimulia habari hiyo kila walipopita. Daktari alikuwa anatembea akipiga mluzi. Jumatatu moja ya Oktoba akaifungua bahasha mbele yangu, akasoma, na mluzi ukakatika.

"Namba mbili, nne na sita ndio waliopata dawa," alisema. "Walioacha pombe ni wawili kati ya watatu. Moja, tatu na tano walipata maji. Huku ameacha mmoja." Akaketi. Sikuwahi kumwona akiketi hivyo. "Na huyo mmoja ndiye aliyepona kuwazidi wote. Moloimet amepata maji, Sista. Maji ya bomba yamemshinda daktari wa Praga."

"Lakini alilia, Daktari. Nilimwona."

"Watu hulia," akasema, akavuta karatasi aanze barua ya Wizara.

Nilitoka nje nikiwa na uchungu. Nikodemu wangu! Na mle uani, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwa ameketi Mzee Moloimet mwenyewe, amekuja kupimwa kama alivyoahidi, shuka yake nyekundu safi, macho maangavu.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia, nikaketi karibu yake bila hata kuuliza habari za nyumbani. "Mzee, nisamehe. Kikombe chako kilikuwa na maji tu. Umeponaje?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Kikombe yangu ni ipi?"

"Namba tano."

"Hapana. Ngoitiko alimimina yake kwa yangu, mimi nikarudisha kwa yake, tena yeye kwa yangu, mpaka ikawa kitu moja. Halafu tukagawa sawa. Sasa wewe, utakunywaje peke yako na rika yako iko hapo imekaa? Hata maziwa hatukunywa hivyo tangu ujana."

Moyo wangu uliruka. Dawa ilikuwa imeingia kwa wote wawili! Nilisimama nikimbilie ofisini, na papo hapo nikakumbuka daftari. Ili Daktari aamini, ilinibidi nimwonyeshe mstari ule kwenye daftari, wenye sahihi yangu, unaosema nimeshuhudia. Kwa kosa hilo muuguzi huvuliwa sare. Nilifika mlangoni kwake nikasimama, nikiisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, kila neno likimfungia Nikodemu nje. Nikaingia.

"Daktari, sikuwaona wakinywa," nilisema. "Nilikwenda kuchukua fimbo. Niliandika uongo." Nikamweleza yote bila kupumzika.

Uso wake uliiva kwa hasira, nikajua sasa nafukuzwa. Kisha akapiga meza kwa kiganja, akaangua kicheko. "Nusu!" alipiga kelele. "Sista, kila mmoja alipata nusu! Nusu ya dawa na mwenzake kando!" Akatoka mbio na kiatu kimoja, kingine kikabaki chini ya meza, akavuka ua mzima mbele ya wagonjwa kwenda kumshika mkono Mzee Moloimet. Yule mzee alimpa mkono kwa adabu, akimtazama ule mguu wa soksi. "Praga kila mtu tulimfungia chumba chake," Daktari alikuwa akisema, sijui kwa nani. "Hakuna aliyefikiria! Hakuna!"

Tulipotulia, tulijua pia tulichopoteza. Wale wawili ilibidi wafutwe kwenye hesabu, na watu wanne waliobaki si utafiti. Daktari aliandika ukweli wote, kosa langu na lake, kwamba alimwachia muuguzi mmoja kazi ya wawili. Jibu la Wizara lilikuja kwa upole: dawa ya watu arobaini haitaletwa, maana hata huko ng'ambo walikuwa wanaifungia. Kilichobaki tukitumie au tukirudishe, kwa busara ya daktari.

Kilichobaki kilikuwa kichupa cha saba.

"Mlete mdogo wako," Daktari alisema. "Nitampima mwenyewe. Kiasi nitakachompa hakitamdhuru, kizima au nusu." Aliitamka hiyo "nusu" polepole, akageukia dirisha.

Nikodemu alikuja Alhamisi asubuhi, amenyoa ndevu, mikono ikimtetemeka kwa siku tatu za kutokunywa. Nilimwandalia kitanda, nikaweka kikombe mezani, nikavuta kiti changu kwenye dirisha. Daktari alisimama mlangoni. Nilikuwa na furaha ya ajabu iliyochanganyika na hofu, kama siku ile nilipofaulu mtihani wa uuguzi, na daftari langu nilikuwa nimelifungua tayari.

Nikodemu alikitazama kikombe, halafu akanitazama mimi kule nilikokuwa.

"Utakaa hapo siku nzima?"

"Hapa hapa. Sitoki."

"Hapo mbali?"

Alinyoosha mkono, akachukua kikombe kingine kilichokuwa kitupu juu ya meza, akamimina humo nusu ya chake. Alimwaga tone moja tu, licha ya ule mtetemeko. Kisha akakisukuma upande wangu.

Niligeuka nimtazame Daktari, maana bado nilikuwa na mazoea ya kuomba ruhusa. Akanipima kwa macho kama alivyompima Nikodemu, kisha akasema atamwita Sista mwingine akae na daftari. Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Nilivua kofia, nikaiweka kitini pamoja na kalamu. Nikaenda kuketi kitandani, bega kwa bega na mdogo wangu, mahali ambapo sikuwahi kuketi kwa miaka miwili.

"Rozalia alikuita," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa anasema, dada anakuja."

"Najua," nikasema. "Sikuja, Nikodemu."

Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka bila sauti, yangu pia. Nje ukungu ulikuwa unapanda kurudi kwenye kreta na jua limeanza kugusa bati la paa. Nikamimina changu ndani ya chake, naye akamimina tena ndani ya changu, huku na huku, mpaka hapakuwa na mtu wa kusema kipi ni cha nani.