Vyoo vya Bwana Afya Maganga

Likizo ndefu ya mwaka 1974 Lukresia hakwenda kwao Bukombe. Shule ya uuguzi ilimpeleka miezi miwili kujifunza kazi ya afya katika kijiji kimoja upande wa Geita, chini ya Bwana Afya Maganga. Wiki ya kwanza haijaisha, alikuwa ameshamdharau.

Si kwamba Maganga alikuwa mvivu. Mvivu angemvumilia. Huyu alijituma sana, ila kwa yale tu yanayoonekana kutoka barabarani. Alizunguka na baiskeli, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata, na kila alipoona kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba aliandika namba mlangoni kwa chaki, mguu mmoja ungali kwenye pedeli. Lukresia alipoomba wafungue angalau mlango mmoja, alicheka.

"Binti, huko shuleni mnafundishwa mashimo. Mkoani wanataka vyoo."

"Ndiyo, bwana," Lukresia akaitikia kwa adabu, na moyoni akamtemea mate.

Jioni akaenda kufungua mwenyewe. Kibanda cha kwanza kilijaa kuni. Cha pili kilikuwa na mbuzi. Cha tatu, kwa mjane aliyeitwa Mama Jilala, kilikuwa na shimo lisilofika magotini. Lukresia aliifurahia siri ile kama mtu aliyeokota kisu. Mjane mwenyewe hakumuuliza neno.

Siku nne baadaye mgeni akaja kutoka mkoani. Maganga alimpitisha kibanda hadi kibanda, akisifu nyasi. Walipofika kwa Mama Jilala, Lukresia alitoka nyuma ya msafara, akavuta mlango.

"Mzee, tafadhali tazama na ndani."

Mgeni akachungulia. Lukresia akageuka amwone Maganga anavyoumbuka. Maganga hakubabaika. Alimnyooshea mjane kidole.

"Hawa ndio watu tunaofanya nao kazi, Mzee. Ameelekezwa na kuelekezwa, bado anatudanganya."

Mgeni akamkaripia Mama Jilala mbele ya majirani, naye amepiga goti, macho chini. Kisha wakubwa wakaenda kula kuku.

Lukresia alibaki na mjane. "Mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini, ng'wanone, mwanangu?" Mama Jilala alijikung'uta vumbi. "Hapo chini ni mwamba. Nilimwambia Maganga mara tatu, akasema niezeke hivyo hivyo. Na wewe nilikuona siku ile ukifungua. Nikadhani utaniuliza."

Lukresia akainama kulitazama tena lile shimo. Dharau yote aliyokuwa amemwekea Maganga, sasa alipaswa kujimegea na yeye kipande, tena si kidogo.

Kesho yake akamtafuta Otmar, jirani aliyewahi kuchimba dhahabu kwa mkono huko maporini. Otmar aliutazama mwamba, kisha viganja laini vya msichana.

"Unavunjika. Unauwashia moto mpaka uive, unaumwagia maji ya baridi, unapasuka. Kuni na maji ataleta nani?"

"Mimi."

Iliwachukua siku kumi na moja. Lukresia alichubuka mabega, akaungua vidole, na kila alipokosea Otmar alimwambia tu, "Toka hapo." Siku za mwanzo Mama Jilala aliweka uji chini akaondoka. Siku ya sita alikaa, akawa anawapokea mawe.

Shimo lilipopita kimo cha mtu, Maganga alisimama ukingoni akajipongeza kwamba kazi waliyoifanya itapendeza kwenye ripoti. Lukresia alimtazama kutoka chini, akaona hata kumtukana ni kumpa heshima. Akajaza ndoo kifusi na kuiinua, Maganga ikambidi asogee asichafuke.

Likizo ilipoisha, mkuu wa shule alimsomea barua ya Maganga: mwanafunzi hana nidhamu, na amejichanganya mno na wananchi.

"Una la kusema?"

"Aliyoandika ni kweli, Mama."

Akaadhibiwa kufua mashuka ya wodi mwezi mzima. Alikuwa bado anafua ilipofika salamu ya Otmar, imeandikwa kwa penseli: wenye kibanda cha kuni na wenye cha mbuzi nao wamemwita awachimbie, na Mama Jilala ndiye anayewaonyesha namna ya kupanga moto.